Dogo wa Kisarawe Anayemaliza Breki za Mbele

Kwenye mpira njia inajulikana. Dogo akiwa anajua, walimu watamwona kwenye UMITASHUMTA, akifika sekondari ataenda UMISSETA, na huko kuna macho ya watu wa akademi. Akikosa hapo bado zipo ndondo za mtaani, ambako makocha wanakaa pembeni kimya kimya wanahesabu vichwa. Si kila mwenye kipaji anatoka, tunajua. Lakini angalau ukimwambia mama yake "mtoto ameitwa kwenye majaribio," anaelewa unaongelea kitu gani.

Sasa jaribu kumwambia mama wa Kisarawe kwamba mwanae wa miaka 16 ana kipaji cha pikipiki. Atasikia neno moja tu, bodaboda. Na baada ya hapo atasikia la pili, wodi.

Hiyo ndiyo kazi ninayohangaika nayo tangu mwaka jana. Jina la dogo nalihifadhi, la timu nalihifadhi, na la kila mtu aliyenitoa jasho kwenye hii safari nalihifadhi pia. Stori yenyewe naileta kama ilivyo.

Mimi nauza spea za pikipiki Maili Moja, Kibaha. Mzigo nafuata Gerezani, narudi napanga, nauza. Ukikaa kwenye duka la spea miaka sita unaanza kuwajua watu kwa vitu vinavyoisha kwenye pikipiki zao. Mwenye haraka anamaliza cheni na spoketi. Anayebeba mishikaki anamaliza shokapu za nyuma. Na karibu madereva boda wote wanamaliza breki za nyuma, kwa sababu hiyo ndiyo breki wanayoiamini. Ya mbele wanaiogopa, wanasema inakupindua.

Dogo alikuja mara ya kwanza na mjomba wake, mwenye Boxer iliyochoka kinoma. Wakanunua breki za mbele. Baada ya wiki kadhaa wakarudi, breki za mbele tena. Safari ya tatu nikamuuliza mjomba, "Anko, nani anaendesha hii pikipiki?" Akacheka, akamnyooshea kidole dogo aliyekuwa anasoma maboksi ya plagi kama anasoma gazeti. "Huyu. Jumamosi na Jumapili ananifuatia mihogo Maneromango. Mimi sijui anaifanyia nini."

Mimi nilijua. Ukishika breki, uzito mwingi wa pikipiki unahamia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye nguvu ya kukusimamisha. Watu wa mashindano wanaishi kwenye hiyo breki. Lakini kuitumia kwenye mchanga, na gunia la mihogo nyuma, bila kulala chini, hilo halifundishwi na mtu kijiweni. Ama umekufa ama unajua.

Nikaomba kumwona akiendesha. Si barabarani. Kuna machimbo ya kifusi yaliyoachwa huko ndani Kisarawe, madereva wanapitia kukata njia. Mjomba akaja, nikaja mimi, dogo akachora duara lake mwenyewe kwa vijiti: kona saba, kilima kimoja, na sehemu ya mchanga mwingi. Nilitegemea kuona mbwembwe, tairi la mbele juu, kusimama kwenye siti, zile za kwenye simu. Hakunyanyua hata tairi. Alizunguka tu. Nikatoa simu nikaanza kumpigia saa.

Mizunguko tisa. Kati ya mzunguko wa kasi kuliko yote na wa taratibu kuliko yote, tofauti haikufika sekunde moja na nusu. Kwenye Boxer. Yenye kariya. Nikaangalia simu, nikamwangalia mjomba, mjomba akasema, "Na hapo mafuta yanaelekea kuisha, anabana."

Kuanzia siku ile kila niliyemwonyesha video aliniambia sentensi moja: "Mtafutie timu." Kirahisi hivyo. Hakuna aliyeniambia timu yenyewe inakaa wapi na inataka nini.

Basi ngoja niwaeleze nilichojifunza, maana kuna mwingine hapo naye ana dogo wake.

Kwanza, bodaboda ni shule lakini si gari la mashindano, kama mtanielewa. Motokrosi, ile ya kwenye udongo na vilima vya kuruka, ina pikipiki zake. Haina taa, haina indiketa, haina kariya, haina namba ya usajili, na shokapu zake ni ndefu kama miguu ya mbuni. Mashindano yamegawanywa kwa ukubwa wa injini na umri: watoto wadogo wanaanza na cc 50, wanapanda 65, wanakuja 85, halafu 125, ndipo wakubwa. Kwa hiyo dogo wa miaka 16 anayeanza leo anakutana na mwenzake aliyeanza akiwa na miaka mitano, aliyenunuliwa pikipiki ya kwanza kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Huo ndio ukweli wa mchezo wenyewe, ni mchezo wa familia zenye uwezo. Kipaji kinakuja, lakini kinakuta wenzake wameshakaa mezani.

Pili, majirani zetu wametutangulia. Nairobi kuna uwanja wa motokrosi Jamhuri Park. Uganda kuna Garuga, kule njia ya Entebbe, na wikiendi ya mashindano watu wanajaa na familia zao kama wanaenda ufukweni. Sisi tuna vijana wanaolala kwenye pikipiki saa kumi na nne kwa siku, na wengi wao hata neno motokrosi hawajawahi kulisikia.

Tatu, Afrika inawezekana. Brad Binder katoka Potchefstroom, Afrika Kusini, mji ambao wengi wetu hatuwezi kuuonyesha kwenye ramani. Alikuwa bingwa wa dunia wa Moto3 mwaka 2016, na mwaka 2020 akashinda mbio za MotoGP kule Brno, Mwafrika Kusini wa kwanza kufanya hivyo. Lakini ukifuatilia njia yake unakuta alikuwa kwenye mashindano ya vijana ya Ulaya tangu 2009, akiwa hajafikisha hata umri aliokuwa nao dogo siku ya kwanza anaingia dukani kwangu. Nilimwonyesha dogo hiyo stori. Akauliza swali moja, "Dada, nani alikuwa anamlipia nauli?"

Swali la kitoto hilo, lakini ndilo swali lenyewe.

Nikaanza kutafuta. Nilituma video kwa kila mtu niliyesikia ana harufu ya michezo ya magari na pikipiki. Wengi hawakujibu. Mmoja alijibu haraka mno, akasema dogo ameshapita, kilichobaki ni "hela ya usajili" laki nne itumwe kwenye simu kabla ya Ijumaa. Nikamuuliza uwanja wao uko wapi nije kuwaona. Akaniambia tutaongea. Hadi leo hatujaongea. Wengine walikuwa wanataka kijana wa kunyanyua tairi kwenye tangazo lao la bidhaa, siku moja, elfu sitini, kofia ngumu aje nayo mwenyewe. Nikawaambia hapana, wakanijibu, "Dada unambania riziki."

Lakini hao hawakuwa wapinzani wangu wa kweli. Wapinzani wa kweli walikuja dukani wenyewe. Vijana wawili, wapole, wamevaa vizuri, wamenunua plagi ambayo hawakuihitaji. Wanaandaa mbio za usiku barabarani, watu wanabeti. Walishamwona dogo. Walikuwa wanatoa laki moja na nusu akishinda, hamsini hata akishindwa. Kwa usiku mmoja. Na pikipiki wanatoa wao.

Nataka mlipige hesabu hilo. Mimi nimembeba dogo miezi mitano na sijampa hata shilingi mia, nimempa matumaini na soda. Hao wana hela mkononi. Mjomba mtu anadaiwa hesabu ya pikipiki kila wiki. Ada si tatizo siku hizi, lakini daftari, sare, michango na kula havijafutwa. Ukimwambia mtoto wa miaka 16 "kataa, subiri timu," unatakiwa uwe na timu.

Na hawa watu hawasemi uongo, hela wanalipa. Wasichosema ni kwamba barabara ile ina malori, na lori halijui kwamba nyie mko kwenye mashindano.

Wiki tatu baadaye ndipo nikajibiwa na watu wa kweli. Timu ndogo, si ya kitajiri, ina pikipiki nne na makocha wawili ambao ndio mafundi hao hao. Hawakusema "video kali." Mzee anayeisimamia alinipigia, akaniuliza maswali matatu. Ana miaka mingapi? Mama yake anajua? Anaweza kufungua karabureta na kuirudisha bila kubakiza kitu mkononi?

Nikajibu la kwanza na la tatu.

Majaribio yalifanyika eneo la wazi nje ya Mlandizi. Tulitoka Maneromango alfajiri na kirikuu cha jirani yangu, ile njia ya vumbi inayopitia Mzenga, dogo kakaa nyuma kwa sababu alisema anataka kuiangalia barabara. Tulipofika akapewa suruali ya mtu, kinga ya kifua ya mtu, na buti zilizomzidi namba mbili, akajaza soksi. Pikipiki ilikuwa cc 125, zile za kuchanganya oili na petroli, ambazo ukifungua mafuta kidogo hazina habari na wewe, ukiongeza kidogo tena zinakurusha mbinguni.

Mara ya kwanza ilizimika. Ya pili ilizimika. Ya tatu ilimtoa, akaenda kama mita thelathini, ikamwangusha kwenye mchanga. Nikafumba macho. Nilipofumbua, alikuwa ameshanyanyuka, anakagua mkono wa klachi kama umepinda na kupuliza mchanga kwenye mshikio wa mafuta. Yule mzee hakusema kitu, ila alimtazama mwenzake.

Mzunguko wa nne dogo akaanza kuielewa. Wa sita, nilisikia mlio umebadilika, ule mlio unaokwambia mtu ameacha kuogopa mashine na ameanza kuongea nayo. Alipoitwa, mzee akamkaribisha bila pongezi. "Kona ya tatu unafunga mafuta mapema kila mara. Kwa nini?"

"Shikamoo mzee. Kuna mzizi pale."

"Pale hakuna mzizi. Mimi ndiye niliyesafisha hii njia."

"Upo mzee, umefukiwa. Tairi la mbele linausikia."

Mzee akatembea hadi kona ya tatu na jua lile. Akachimba kwa kisigino. Akainama. Akarudi na mzizi mkononi, mrefu kama mkono wangu, akautupa kwenye kirikuu chetu. "Mpelekee mama yake," akaniambia. "Halafu mwambie tunataka kuongea naye."

Masharti yao yalikuwa mafupi. Shule haikatizwi. Mbio za barabarani ni marufuku, akionekana hata mara moja, kwaheri. Miezi sita ya kwanza ni gereji na mazoezi, hakuna mashindano. Na bila sahihi ya mzazi haguswi na pikipiki yao tena, maana ni mtoto, na hata leseni ya mashindano hawezi kuombewa bila mzazi kukubali.

Basi safari ya Kisarawe. Mama anauza mihogo ya kukaanga na chachandu, jioni, karibu na kituo. Nilimkuta anamenya. Shikamoo, marahaba, karibu mwanangu, nikapewa kigoda na kisu, tukaanza kumenya wote. Nikaeleza yote. Hakunikatisha. Nilipomaliza akaniambia:

"Kaka yake huyu alikuwa boda. Ajali aliipatia huko huko kwenu, njia ya Morogoro. Nimelala Tumbi siku kumi na tisa, kwenye kanga. Leo anatembea, lakini goti halikunji. Sasa wewe unanijia na mihogo yangu mkononi unaniambia nimpeleke mdogo wake kwenye mbio?"

Ningeweza kumpamba. Nina mdomo, nauza spea, naweza kukuuzia tairi usiyolihitaji. Lakini huyu si mteja. Nikamwambia ukweli wote, hata ule ambao haunisaidii. Kwamba mwaka 2021 peke yake, kwenye mbio za lami huko Ulaya, walikufa vijana watatu: mmoja ana miaka 14, mmoja 15, mmoja 19. Kwamba baada ya hapo wakubwa wa mchezo walipandisha umri, na kuanzia 2023 hata Moto3, daraja la chini kabisa la mashindano ya dunia, likawekewa umri wa miaka 18, isipokuwa kwa wachache wanaofuzu kwa njia maalumu. Nikamwambia motokrosi ni udongo, kasi ni ndogo kuliko lami, lakini mifupa inavunjika, asidanganywe.

Akaacha kumenya. "Hao watoto wa Ulaya, uwanjani kulikuwa na madaktari?"

"Walikuwepo mama. Na ambulensi. Na helikopta."

"Na wakafa."

"Wakafa."

"Sasa nyie mna nini?"

Sikuwa na jibu, na sikutunga. Nikampigia mzee pale pale, nikaweka simu juu ya ndoo, sauti nje, wakaongea wenyewe, mama na mzee. Mzee akasema siku za mashindano kunakuwa na huduma ya kwanza na gari. Mama akauliza, na siku za mazoezi? Kimya. Mama akasema, "Mwanangu wa kwanza hakuvunjika kwenye mashindano, baba. Alivunjika Jumanne."

Mzee aliomba siku kumi. Siku ya tisa alikuja Kisarawe mwenyewe, na mwenzake, na karatasi. Iliandikwa hivi: hakuna mazoezi bila mtu mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza na gari lenye mafuta, ufunguo ndani. Bima ya afya ya mtoto italipwa na timu. Mazoezi ni likizo na Jumamosi, mwaka wa mtihani wa kidato cha nne hakuna mazoezi kabisa. Mama akamwita dogo, akamwambia aisome kwa sauti, yote. Halafu akaongeza sharti lake kwa mkono: atakuja kuangalia siku yoyote, bila taarifa.

Akasaini. Hakutabasamu. Alisema tu, "Kule barabarani angeenda, na mimi nisingejua. Huku angalau najua nani wa kumfuata."

Hilo ndilo lililomfanya akubali, si Binder, si video yangu, si mzizi. Alishajua kuhusu mbio za usiku kabla yangu. Mama wa Kisarawe anasikia kila kitu.

Hapa tulipo sasa dogo ana miezi minne gerejini. Hajashindana hata mara moja. Ameshafungua injini tatu na kufunga tatu. Ameanguka mara nyingi, kaumia kifundo cha mkono mara moja, kikapona. Mama ameibuka bila taarifa mara mbili, mara ya pili alikuja na mihogo ya timu nzima, na safari ile mzee mwenyewe ndiye aliyekwenda kuangalia kama ufunguo upo kwenye gari. Wale vijana wapole bado wanapiga simu, sasa wamepanda hadi laki mbili. Dogo ananionyesha meseji, anaifuta mbele yangu. Atazifuta hadi lini sijui, na mjomba bado anadaiwa hesabu.

Kwa hiyo wewe mwenye dogo wako huko Mkuranga, Chanika au popote, kabla hujapandisha video mpigie saa mizunguko kumi, ndiyo timu itakayoangalia. Mfundishe kufungua karabureta. Mtu anayeomba hela kabla hajamwona mtoto akiendesha, mfute. Na nenda kwa mama mapema, nenda na ukweli, maana maswali yake yatakuwa mazuri kuliko ya kocha.

Na kama kuna mtu ana buti za motokrosi namba 42 zimekaa tu ndani, hata kama zimechubuka, duka liko Maili Moja, uliza dada wa spea. Dogo bado anajaza soksi.